Neno Baada ya Picha



Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 12, twasoma jinsi nabii Nathani alivyotumwa kwa mfalme Daudi. Daudi alikuwa amemtwaa mke wa Uria, na Uria mwenyewe amemfanyia shauri hata akauawa vitani. Nathani hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye kondoo wengi, aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, naye alilelewa nyumbani kama mtoto. Daudi aliposikia aliwaka hasira, akamhukumu tajiri yule kufa. Ndipo Nathani alipomjulisha ya kuwa tajiri yule ni yeye mwenyewe.

Sisi watu wa Endasak, tunaoishi pamoja na mifugo, twaielewa upesi hasira ya Daudi. Lakini angalieni jambo moja. Kama Nathani angaliishia kwenye habari ya kondoo, akaaga, akaenda zake, Daudi angalilala usiku ule akijiona kuwa hakimu mwenye haki. Hadithi iliufungua mlango wa moyo wake; neno lililofuata ndilo lililoingia ndani. Nataka kuwaonyesha ya kuwa ndivyo ilivyo kwa picha za sinema, tena nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulionyesha kijijini, usiku, filamu ya maisha ya Yesu. Wengi wenu mwaijua. Ilitolewa mwaka 1979, nayo yafuata Injili ya Luka kwa muda wa karibu saa mbili. Mwigizaji wa Kiingereza, Brian Deacon, ndiye aliyecheza mahali pa Bwana. Imekwisha kutiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, na Kiswahili ni mojawapo. Tulitundika shuka jeupe ukutani, na jenereta tukaiweka mbali ili ngurumo yake isiyafunike maneno. Watu walikuja wamejifunika mablanketi, maana upepo wa usiku utokao mlima Hanang hauna huruma. Wairaqw, Wabarabaig na Wanyaturu walikaa pamoja, watoto wakiwa mbele. Bwana alipopigwa mijeledi, akina mama walilia kwa sauti, na mzee mmoja aliinuka na fimbo yake akamkemea askari wa kwenye shuka amwache.

Picha ilipokwisha nilisali sala fupi, nikatangaza saa ya ibada ya Jumapili, nikazima mtambo. Watu wakaenda zao gizani. Mimi nikafurahi moyoni, nikiyahesabu machozi yale kuwa ni mavuno.

Asubuhi yake, njiani, niliwaona ndugu wawili, watoto wa baba mmoja. Wote wawili walikuwa wamelia usiku ule karibu nami. Walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba tangu baba yao alipofariki. Walipishana mbele ya macho yangu, hakuna aliyemsalimu mwenziwe. Basi nikafahamu. Walikuwa wamemlilia yeye aliyewaombea msamaha waliomsulubisha, kisha wakarudi nyumbani na ugomvi wao mzima kama walivyokuja nao. Wala sikuwa na haki ya kuwalaumu. Mimi ndimi niliyewasimulia habari ya kondoo, nikaaga, nikaenda zangu.

Kosa hili si langu peke yangu, wala si la leo. Twaweza kulipima kwa kazi ya watu waliotutangulia katika nchi hii hii. Katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe, pana mahali paitwapo Vugiri. Hapo, tangu mwaka 1935 hata 1937, palifanywa majaribio ya kuwafundisha Waafrika kwa sinema. Aliyeyaanzisha ni Baraza la Kimataifa la Misioni, na fedha nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la New York. Bwana L. A. Notcutt alisimamia upigaji wa picha. Mwenzake, Geoffrey Latham, alikuwa zamani mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya sasa. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, na waliocheza ndani yake walikuwa Waafrika. Kisha walizichukua kwa lori toka nchi hata nchi, wakazionyesha kwa makundi makubwa ya watu. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, zikapigwa sambamba na picha.

Filamu mojawapo ilikuwa habari ya Benki ya Akiba ya Posta. Wafanya kazi wawili wapokea mshahara. Mmoja achimba shimo nyumbani mwake azifukie fedha zake, mwizi aja azichukua. Wa pili apeleka zake posta, nazo zakaa salama. Shauri lile lilikuwa jema, na hata leo ni jema. Lakini Mkristo hawezi kuitazama picha hiyo asimkumbuke mtumwa aliyeifukia talanta ya bwana wake, katika Mathayo mlango wa 25, wala asikumbuke onyo la mlango wa 6 juu ya hazina ziwekwazo duniani. Je, yule aliyekwenda posta, moyo wake nao uko wapi? Na yule aliyeibiwa, je, jirani yake mwenye akiba alimsaidia? Na mwizi, ni nani aliyekwenda kumtafuta, si kwa fimbo, bali kwa wokovu wake?

Maswali kama hayo santuri haiwezi kuyajibu. Santuri husema, haisikii. Yasema maneno yale yale Vugiri na Uganda, kwa mjane na kwa tajiri. Mwaka 1937 serikali za nchi hizi hazikukubali kuendelea kuigharimia kazi ile, nayo ikakoma. Lakini aliyeitazama filamu ya benki pamoja na mzee mwenye busara wa kuuliza, huyo alibaki na kitu ambacho hakikuhitaji lori wala gharama ya serikali.

Katika siku zile zile, tarehe 29 Juni 1936, Papa Pius wa Kumi na Moja alitoa barua yake juu ya sinema, iitwayo Vigilanti Cura. Alieleza ya kuwa picha hizi zina nguvu kubwa ya kuwainua watu au kuwaharibu. Basi Waprotestanti wa Vugiri na Papa wa Roma, bila kupatana, waliliona jambo moja. Wako ndugu wasemao ya kuwa imempasa Mkristo kuikimbia sinema kabisa. Nawaheshimu, na zipo picha ambazo kweli yafaa tuzikimbie. Lakini watoto wetu wanazitazama katika mabanda ya video na katika simu, tupende tusipende. Swali lililobaki ni kama watakuwa na mtu kando yao.

Na watu wenyewe wamtaka mtu huyo. Angalieni mabanda ya video ya Dar es Salaam na ya Uganda. Humo waliinuka wafasiri waielezao picha ya kigeni kwa sauti yao, wakiifafanua na kuifananisha na mambo ya kwetu. Watazamaji huwapenda, maana picha pasipo mtu wa kuieleza ni kama mgeni asiye na mwenyeji.

Basi katika nyumba zetu chache hapa Endasak tumekwisha kuanza desturi nyingine. Tunakutana mara moja kila mwezi, nyumbani kwa mmoja wetu au katika darasa. Watu wawili huitazama filamu kwanza, ili tusije tukajikwaa mbele ya watoto. Katikati twaisimamisha, na mwishoni twawasha taa. Hapo twauliza maswali matatu tu. Umemhurumia nani? Umemchukia nani? Na wewe wafanana na nani? Asiyejua sana Kiswahili husema kwa Kiiraqw, na mwingine humfasiria. Vijana husema kwanza, wazee baadaye, katekista mwisho kabisa, maana mwalimu akitangulia wengine hufunga vinywa. Mzee mmoja hufunga kwa maneno ya baraka. Tena yaliyosemwa ndani hayachukuliwi sokoni.

Wala si lazima filamu iwe ya Biblia. Mwaka 1995 Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zilizo bora, na moja ya hizo ni ya Denmark, Babettes gæstebud, yaani Karamu ya Babette. Iliongozwa na Gabriel Axel mwaka 1987. Kisa chenyewe kiliandikwa na Karen Blixen, ambaye alikaa Kenya karibu na vilima vya Ngong tangu mwaka 1914 hata 1931. Ni habari ya mpishi mwanamke, mkimbizi kutoka Paris, aliyewatumikia miaka mingi mabinti wawili wa mchungaji. Waumini wachache waliosalia katika kundi lile wamezeeka, nao wagombana kwa makosa ya zamani. Babette ashinda bahati nasibu ya faranka 10,000, azitumia zote kwa karamu ya usiku mmoja. Wageni waogopa ya kuwa chakula kizuri ni dhambi, hivyo waapa kutosema neno lolote juu yake. Lakini kabla ya karamu kwisha wamesameheana.

Nawaomba wazazi mfikiri pia juu ya simu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang, yakawafunika jirani zetu wa Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 walikufa. Picha zao zilipita mikononi mwetu. Niliona kijana akizitazama, akapitisha kidole, na nusu ya dakika baadaye alikuwa akicheka kichekesho. Hakuwa mbaya, hakuwapo mtu wa kumwuliza neno. Katika Luka mlango wa 10, kuhani na Mlawi nao walimwona yule aliyelala njiani. Kuona waliona, wakapita kando. Msamaria aliona, akahurumia, akamkaribia. Mtoto hajifunzi hatua hizo mbili za mwisho kutoka kwa kioo cha simu. Atajifunza kwa mama amwulizaye, "Na sisi tutawapelekea nini?"

Sasa nimalize habari ya wale ndugu wawili. Usiku tulioitazama Karamu ya Babette, mkubwa wao alikuwapo. Swali la tatu lilipomfikia alinyamaza kitambo kirefu, hata wengine wakatazama chini. Kisha akasema, "Mimi ni yule aliyekuja karamuni na kinywa kimefungwa." Hakuongeza neno, nasi hatukumlazimisha. Baada ya Jumapili mbili alikwenda kwa mdogo wake, wakatembea pamoja kwenye mpaka pamoja na wazee. Mpaka ule haujakubaliwa wote hata leo. Pana hatua chache wanazoshindana bado. Lakini wanasalimiana, na watoto wao wanachunga pamoja. Sikuyahesabu kuwa mavuno. Nimejifunza kuhesabu polepole.

Kwa hiyo, wapendwa, mtakapowasha picha nyumbani au shuleni, chagueni vema, kaeni pamoja na watoto wenu, na picha ikiisha msiwe wepesi wa kwenda kulala. Neno la Nathani halikuwa refu, lakini kama asingalilisema, kondoo wa maskini angalikufa bure katika hadithi. Bwana awajalie kulisema kwa upole, na kulisikia linapowahusu ninyi wenyewe.