Richard III wa Uingereza

Richard III (2 Oktoba 1452 – 22 Agosti 1485) alikuwa mfalme wa Uingereza kuanzia mwaka 1483 hadi alipouawa katika mapigano ya Bosworth. Ndiye mfalme wa mwisho wa nchi hiyo kufa vitani.

Kwa karne nyingi alijulikana kama dhalimu mwenye kibyongo aliyewaua watoto wa kaka yake. Sura hiyo ilienezwa hasa na tamthilia ya William Shakespeare, iliyotegemea maandishi ya wakati wa ukoo wa Tudor. Ikumbukwe kwamba Henry Tudor ndiye aliyemshinda na kuchukua taji lake. Thomas More, ambaye kitabu chake kiliaminiwa mno, alikuwa mtoto wa miaka saba tu wakati wa Bosworth.

Watetezi wake ni wa zamani pia: Horace Walpole alitilia shaka mashtaka hayo mwaka 1768, na chama cha kumtetea kilianzishwa mwaka 1924. Wanakumbusha kwamba bunge lake la 1484 liliruhusu watuhumiwa kupewa dhamana, lilikataza mali zao kunyang'anywa kabla ya kutiwa hatiani, na lilifuta "zawadi" ambazo wafalme waliwalazimisha raia kutoa.

Mwaka 2012 mifupa yake ilipatikana chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, ikathibitishwa kwa DNA ya wazao wa dada yake. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kwa upande, lakini hakuwa na kibyongo. Alizikwa upya katika kanisa kuu la Leicester mwaka 2015.

Hata hivyo mifupa haijibu swali kubwa. Edward IV alipofariki Aprili 1483, taji lilikuwa la mwanawe Edward V, mwenye miaka 12. Ndoa ya wazazi wake ikatangazwa kuwa batili, naye Richard, aliyekuwa mlinzi wake, akatawazwa tarehe 6 Julai. Mtoto huyo na mdogo wake walikuwa ndani ya Mnara wa London, na baada ya majira hayo ya joto hawakuonekana tena. Hakuna ushahidi kwamba Richard aliamuru wauawe. Lakini walikuwa mikononi mwake, na uvumi ulipoenea angeweza kuunyamazisha kwa kuwaonyesha wakiwa hai. Henry VII alifanya hivyo mwaka 1487: kijana mmoja alipojidai kuwa mtemi wa Warwick, mfalme alimtoa Warwick halisi gerezani na kumpitisha mbele ya watu wa London.