Dalili ya Mvua ni Mawingu: Diski ya Kompyuta Ikosapo Mara kwa Mara

Huko Mweya, mahali Mfereji wa Kazinga uingiapo Ziwa Edward, na katika miji ya Kasese na Bwera, kompyuta ya mezani si chombo cha ofisini peke yake. Imeingia pia katika nyumba za askari na watumishi. Ndani yake huhifadhiwa barua za kazi, hati za malipo ya uzeeni, vyeti vya watoto na picha za arusi.

Siku mashine inapoandika kwamba diski ina makosa, wengi huiamuru ijirekebishe, ikatii, wakafurahi. Baada ya juma moja makosa yale yale hurudi. Ndugu msomaji, hapo usiamuru tena kwa haraka. Diski inakupa taarifa.

Diski hiyo ni kisanduku cha chuma kilichofungwa. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956: ilikuwa na sahani 50, nayo ilichukua herufi milioni 5 tu. Za leo ni ndogo kama kitabu cha mfukoni. Nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo sana kuliko unene wa unywele. Kikigusa sahani, hukwaruza, na palipokwaruzwa hapasomeki tena.

Maadui wa diski ni wengi. Umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, maandishi hubaki nusu. Vumbi la kiangazi huziba feni, na joto likazidi. Afande akihamishwa, kompyuta hupakiwa juu ya lori pamoja na vitanda na sufuria, ikarushwarushwa njia nzima. Tena uzee hauna dawa.

Fanya hivi, kwa utaratibu huu:

Kwanza, okoa mali. Kabla ya matengenezo yoyote, nakili hati na picha katika flashi au diski ya nje. Programu ya kurekebisha huipekua diski yote kwa saa nyingi, na diski dhaifu yaweza kufa katikati ya kazi hiyo.

Pili, zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha ukaze nyaya mbili za diski. Waya uliolegea huleta makosa yanayofanana kabisa na ya diski mbovu. Ukiweza, badilisha waya wa kupitishia habari; bei yake ni ndogo kuliko ya diski.

Tatu, mwombe fundi asome kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe. Humo huhesabiwa sehemu mbovu zilizoachwa. Hesabu hiyo ikiongezeka juma kwa juma, nunua diski nyingine.

Nne, ukisikia mlio wa kugongagonga, zima mara moja. Usiigonge wala usiifungue. Chembe moja ya vumbi yatosha kuimaliza.

Diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka hustahimili mtikiso wa lori, lakini nazo hufa, tena mara nyingi bila mlio wa kuonya. Kwa hiyo kinga iliyo kubwa ni nakala ya pili, iwekwe nyumba nyingine. Mafuriko ya Mto Nyamwamba ya mwaka 2013 na ya mwaka 2020 yaliharibu nyumba na hata hospitali ya Kilembe. Maji yakiingia chumbani, kompyuta na flashi iliyo kando yake huenda pamoja.

Mama wa nyumba na watoto wakubwa wafundishwe kazi hii, kwa maana baba huenda yuko zamu mpakani Mpondwe siku mashine inapoonya. Diski mpya hununuliwa dukani. Picha ya marehemu bibi haina duka.