Amo, Kant na Ushahidi Uliopuuzwa

Mwaka 1734 Anton Wilhelm Amo alitetea tasnifu yake ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, Ujerumani. Aliiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati huo, na ndani yake akambana mwanafalsafa Mfaransa Descartes: kuhisi, alisema Amo, ni kazi ya mwili ulio hai, wala nafsi yenyewe haihisi kitu. Amo alizaliwa Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Uholanzi angali mtoto, kisha akakabidhiwa kwa watawala wa Wolfenbüttel, Ujerumani. Mwaka 1729 alikuwa amekwisha kujadili mjini Halle haki za Waafrika waishio Ulaya. Baadaye akafundisha huko huko Halle, na Jena pia.

Mwaka 1753 David Hume wa Uskoti aliongeza tanbihi katika insha yake kuhusu tabia za mataifa, akidai kwamba watu weusi hawana sanaa wala sayansi. Mwaka 1764 Immanuel Kant akaidaka tanbihi hiyo na kuirudia. Kant, Mjerumani, ilhali tasnifu ya Amo ilikuwa imechapishwa Ujerumani kwenyewe!

Tumezoea kuwatetea wanafalsafa hawa kwa kusema kwamba zama zao ndivyo zilivyokuwa. Siukubali utetezi huo. Zama hizo hizo zilimtoa Herder, mwanafunzi wa Kant mwenyewe, aliyekataa mwaka 1785 kuwagawa wanadamu katika mafungu ya rangi. Ushahidi ulikuwepo, na hoja ya kupinga ilikuwepo. Ila Ulaya iliyotajirika kwa biashara ya watumwa ilihitaji kujiona kuwa ndiyo makao ya akili. Wala sisemi Kant atupwe: fundisho lake kwamba mtu asigeuzwe chombo tu cha mwingine linatufaa hadi leo, na linamhukumu yeye mwenyewe.

Fasihi imelichimba jambo hili kwa njia yake. Katika riwaya ya *Afterlives* (2020), Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, anamwonyesha afisa wa jeshi la kikoloni la Wajerumani katika Afrika Mashariki akimfundisha askari Hamza Kijerumani ili aweze kumsoma mshairi Schiller. Hamza anajifunza vizuri. Ukizisoma kurasa hizo huku unamjua Amo, utaona kwamba Gurnah hakubuni hali ngeni: mwalimu anaushuhudia uwezo wa mwanafunzi kwa macho yake, na bado analitumikia jeshi linaloukana.