Pasaka Inapotukuta Shambani

Katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, Pasaka hutukuta kazini. Mvua ya masika inaanza, shamba limeshalimwa, mbegu imenunuliwa kwa mkopo. Kitale ndiko yaliko makao ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed tangu mwaka 1956, na Mkristo wa huku hufunga Kwaresima huku akihesabu magunia ya mbolea. Sioni kasoro yoyote katika hilo. Naamini ni neema, kwa kuwa ubinafsi wetu hauonekani sana kanisani. Unaonekana shambani.

Kanisani sote ni wema. Usiku wa Mkesha wa Pasaka, parokia za majimbo ya Kikatoliki ya Bungoma na Kitale hufurika. Moto huwashwa nje, mshumaa wa Pasaka ukaingizwa gizani, na waumini wakarudia ahadi za ubatizo: wanamkataa Shetani na kazi zake zote. Waanglikana, Wakweka na Wapentekoste nao wana ibada zao. Kesho yake kuku wanachinjwa, waliotoka Nairobi wanakaribishwa. Kisha Jumanne jembe la mtu linasogea hatua moja ndani ya shamba la mjane jirani.

Hatua moja si jambo dogo kwetu. Pasaka ya mwaka 2008 iliangukia Machi 23, na mwezi huo huo jeshi lilikuwa limepanda Mlima Elgon kupambana na kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force). Chanzo kikubwa cha vita vile kilikuwa ugawaji wa ardhi katika mradi wa makazi wa Chepyuk. Wengi wa waliopigania vipande vya ardhi hiyo walikuwa ndugu, Wasabaot kwa Wasabaot. Zaidi ya watu 600 waliuawa na kundi hilo, maelfu wakakimbilia Cheptais, Kapsokwony, Bungoma na Kitale, na wanajeshi nao wakalaumiwa kwa mateso na kwa watu waliotoweka. Familia kadhaa hazijawahi kuzika wapendwa wao.

Wala ubinafsi hauhitaji bunduki. Machi 2024, Pasaka ikikaribia, wakulima walisikia kwamba baadhi ya mbolea ya ruzuku iliyouzwa katika maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao ilikuwa bandia. Kuna mtu aliyetazama msimu mzima wa jirani yake akaona faida tu. Serikali iliahidi fidia, lakini mvua haikusubiri.

Kumgeukia Mungu, basi, ni kukubali kwamba mimi siyo kipimo cha kila kitu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 12, Yesu anazungumzia punje ya ngano inayopaswa kufa udongoni ndipo izae. Mkulima wa Endebess au Kimilili hahitaji kufafanuliwa. Anajua kwamba mbegu iliyobaki ghalani ikijitunza haimlishi mtu. Kristo hakujitunza. Alikwenda msalabani, na kaburi likaachwa tupu kwa ajili ya wengine.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu wa Kitale na Bungoma: kabla ya kupanda, nendeni mpakani pamoja na jirani, mkiwa na wazee. Kama alama ilisogezwa, irudisheni. Vibarua walipwe siku waliyofanya kazi, siyo baada ya mavuno. Na aliyepora shamba la yatima alirudishe mwaka huu, kabla mahindi hayajaota.