Bagi la Mashindano: Kipi Kinunuliwe Kwanza?



Katika toleo hili tumeona tuzungumzie mchezo unaopendwa na vijana wengi lakini wachache wanaujua undani wake, nao ni mashindano ya magari madogo ya rimoti yanayokimbia kwenye njia za vumbi na matuta, maarufu kwa jina la mabagi. Lengo letu si kumshawishi mtu akanunue. Lengo ni kueleza kwa utaratibu namna ya kuchagua vipuri vyake, kwani hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea bila faida. Na kijana anayejifunza kununua kipuri kwa sababu iliyo wazi, elimu hiyo itamfaa hata kwenye pikipiki, cherehani au kompyuta.

BAGI NI GARI GANI?

Bagi linalotumika sana katika mashindano ni la kipimo cha moja kwa kumi, yaani udogo wake ni mara kumi ya gari halisi. Uzito wake ni kama kilo moja na nusu, na huendeshwa kwa mota ya umeme na betri. Yapo yanayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na yapo yanayosukumwa na yote manne. Tofauti yake na gari la kawaida la watoto ni kwamba kila kiungo chake kinafunguka, kinarekebishwa na kinabadilishwa.

Mchezo huu ulishika kasi baada ya mwaka 1979, kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa mabagi yake ya Rough Rider na Sand Scorcher. Mwaka 1984 kampuni ya Associated ya California, Marekani, ikatoa RC10, bagi lenye chesisi ya alumini lililoundwa hasa kwa mashindano. Mwaka uliofuata, 1985, yakafanyika huko Del Mar, California, mashindano ya kwanza ya dunia ya mabagi ya umeme ya kipimo hicho. Jay Halsey alishinda upande wa magurudumu mawili akiwa na RC10, na Gil Losi Jr. akashinda upande wa magurudumu manne akiwa na gari la Yokomo. Baadaye Mjapani Masami Hirosaka alifikisha mataji 14 ya dunia katika aina mbalimbali za magari ya rimoti. Usione vyaelea, vimeundwa.

HESABU YA DAKIKA TANO

Kabla ya kufungua pochi, tupige hesabu. Mbio za mabagi ya umeme kwa kawaida huchukua dakika 5. Tuseme mzunguko mmoja wa uwanja ni sekunde 30, basi dereva atakwenda mizunguko 10. Akinunua mota yenye nguvu zaidi ikamwokolea sehemu tatu za kumi za sekunde katika kila mzunguko, faida yake yote ni sekunde 3. Lakini gari likipinduka mara moja tu, dereva aliyesimama kwenye jukwaa hawezi kulifikia. Lazima angoje msimamizi wa kona alikimbilie na kulisimamisha, na hapo sekunde 5 zinaweza kupotea kwa urahisi. Mota mpya imeliwa, na deni limebaki.

Kwa hivyo kanuni yetu ni hii: nunua kwanza kile kitakachokuwezesha kumaliza mbio, kisha kile kitakachoshika ardhi, na nguvu iwe ya mwisho. Vijana wengi hugeuza mpango huu juu chini.

LA KWANZA: UZIMA WA GARI

Anza na beringi. Magari mengi ya bei nafuu huja na bushi za plastiki mahali pa beringi. Bushi hulika, gurudumu likaanza kucheza, na mota ikatumia nguvu nyingi kupambana na msuguano. Seti ya beringi za gololi ni badiliko la gharama ndogo lenye faida ya kila siku. Kisha kagua skrubu zote, hasa zinazoingia kwenye chuma, na uzitie gundi ya kuzuia kulegea. Weka pia akiba ya mikono ya magurudumu ya mbele, kwani ndiyo inayovunjika mara nyingi gari linapogonga ukingo. Mwenye akiba hurudi uwanjani, na asiyekuwa nayo hugeuka mtazamaji.

LA PILI: TAIRI

Hakuna kipuri kinachobadilisha mwendo wa bagi kama tairi, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachogusa ardhi. Nguvu yote ya mota na ustadi wote wa dereva hupita hapo. Udongo laini unataka tairi zenye vijipini virefu vinavyochimba. Udongo mgumu uliokandamizwa unataka vijipini vifupi, na ukiwa umelainika kwa kupitwa sana, hata tairi zisizo na vijipini hushika vizuri. Tairi za mbele za bagi la magurudumu mawili huwa na mistari inayozunguka tairi ili ziweze kuuma gari linapokata kona.

Tazama pia ulaini wa mpira. Mpira laini hushika zaidi lakini huisha upesi, na mgumu hudumu lakini huteleza. Ndani ya tairi mna sponji inayolizuia lisibonyee, na tairi lazima ligandishwe kwa gundi kwenye rimu, la sivyo rimu itazunguka peke yake. Kuuliza si ujinga: kabla ya kununua, waulize wenyeji wa uwanja wanatumia tairi zipi. Jibu lao lina thamani kuliko tangazo lolote.

LA TATU: SHOKOMZOBA NA MAFUTA YAKE

Shokomzoba za bagi zimejaa mafuta ya silikoni, na ndani yake mna pistoni yenye matundu madogo. Gari likipiga tuta, mafuta hulazimika kupita kwenye matundu hayo, na hapo ndipo mshtuko unapomezwa. Mafuta huuzwa kwa namba, na katika kipimo kimoja namba 40 ni mazito kuliko namba 30. Ikiwa gari linaporuka na kutua linagonga tumbo chini, jaribu mafuta mazito zaidi. Ikiwa linadundadunda kwenye vijituta na magurudumu hayafuati ardhi, jaribu mepesi. Kumbuka pia kwamba joto huyafanya mafuta kuwa mepesi, hivyo marekebisho ya asubuhi yanaweza yasifae adhuhuri.

Hapa pana siri ambayo wauzaji hawaisemi sana: chupa moja ya mafuta mara nyingi hufanya kazi ambayo mtu alidhani itahitaji seti mpya ya shokomzoba.

LA NNE: DIFU NA USUKANI

Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kazi ya difu ni kuyaruhusu mawili hayo yapishane mwendo. Difu ya giya hutiwa mafuta mazito ya silikoni, na uzito wa mafuta ndio unaoamua kupishana kuwe kwepesi au kugumu. Yakiwa mazito mno, magurudumu huenda kama yamefungwa pamoja na gari hukosa utii kwenye kona.

Usukani nao unaongozwa na kijimota kiitwacho servo. Tafuta servo yenye giya za chuma, kwani za plastiki hung'oka meno gari linapogonga. Servo dhaifu humdanganya dereva: anakata kona, gari linachelewa, naye anadhani kosa ni la tairi.

LA TANO: MOTA, GIYA NA BETRI

Sasa ndipo tufike kwenye nguvu. Mota za siku hizi hazina brashi, na hutajwa kwa idadi ya mizunguko ya waya. Namba ikiwa ndogo, mota ni ya kasi zaidi: ya 7.5 ni kali kuliko ya 17.5. Soma kwanza kanuni za daraja utakaloshindania, kwani yapo madaraja yanayowabana wote kwenye mota ya 17.5, na ukija na kali zaidi hutaruhusiwa.

Giya ndogo ya mota hugharimu pesa kidogo na hubadilisha mengi. Tuseme giya kubwa ina meno 72, ndogo ina meno 30, na uwiano wa ndani wa giyaboksi ni 2.6. Gawanya 72 kwa 30 upate 2.4, zidisha kwa 2.6 upate 6.24. Hiyo ndiyo idadi ya mizunguko ya mota kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukiweka ndogo ya meno 32 utapata 5.85, yaani kasi ya mwisho inaongezeka, lakini mota inabeba mzigo zaidi na kupata joto. Ongeza jino moja moja, na pima joto kila mara.

Betri za lithiamu zina nguvu nyingi, na hapa hatutanii. Betri ya seli mbili huandikwa volti 7.4, na ikijaa hufika volti 8.4, yaani 4.2 kwa kila seli. Kuzidisha hapo ni kualika moto. Tumia chaja ya betri za aina hiyo inayosawazisha seli, usiiache ikichaji bila mtu, na kamwe usichaji bwenini watu wamelala. Betri iliyovimba haifai tena, hata ikiwa inawasha gari. Pesa ya chaja nzuri isikatwe kwa ajili ya kipuri chochote.

VITU VYA KUMEREMETA

Vipuri vya alumini vya rangi ya buluu na zambarau huvutia macho, lakini si vyote ni maendeleo. Mkono wa plastiki ukigonga hupinda na kurudi. Wa alumini ukipinda hubaki umepinda, au huupeleka mshindo mahali pengine pa gharama kubwa zaidi. Alumini inafaa pale panapohitaji ugumu na pasipopata pigo la moja kwa moja.

MASWALI MATATU NA DAFTARI

Kabla ya kununua, jiulize: gari langu lina ugonjwa gani? Kipuri hiki kinautibu? Je, siwezi kuutibu kwa kurekebisha nilicho nacho? Ukikosa jibu la swali la kwanza, rudisha pesa mfukoni. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike: tarehe, hali ya uwanja, tairi, namba ya mafuta, giya na muda wa mzunguko. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu zetu, mali tuliyonayo ni amana, na mara nyingi ni jasho la wazazi. Dini yetu imetukataza israfu, na israfu si kununua ghali tu, bali pia kununua rahisi usichokihitaji. Mchezo huu una adabu moja nzuri: viwanja vingi huwataka madereva waliomaliza mbio zao wakasimame kwenye kona na kuyainua magari ya wenzao yaliyopinduka, hata ya wapinzani. Mwenye kujifunza kuchagua kwa akili, kutunza alichonacho na kumwinua mwenzake, huyo amepata faida hata asipopata kombe.