Tiketi ya Kuingia Kasri la Mfalme

Asubuhi ya Novemba 20, 1992, moto ulizuka katika kikanisa cha faragha cha Malkia Victoria ndani ya Ngome ya Windsor, mojawapo ya makao ya kifalme ya Uingereza, baada ya pazia kushika moto kutokana na joto la taa. Kwa saa 15 wazima moto walipambana nao, na ulipozimika vyumba 115 vilikuwa vimeharibika. Serikali ilipodokeza kwamba hazina ya umma ingegharimia ukarabati, wananchi walipinga vikali. Ikabidi fedha zitafutwe kwingine. Mwaka 1993 Kasri la Buckingham jijini London lilianza kuwapokea wageni wakati wa kiangazi, na viingilio vyao vikachangia sehemu kubwa ya pauni milioni 36.5 zilizohitajika. Windsor ilikamilika mwaka 1997.

Mgeni anayetaka kuzuru majengo ya aina hii Uingereza hukutana na makundi matatu. Ngome zilijengwa kwa vita na vitisho. William Mshindi, aliyeiteka nchi mwaka 1066, alianzisha Mnara wa London ili wakazi wa mji wamwogope, na Edward wa Kwanza alianza kujenga Caernarfon mwaka 1283 baada ya kuwashinda watu wa Wales. Makasri yalikuwa makao ya wafalme. Kundi la tatu ni majumba makubwa ya mashambani, ambako makabaila waliishi katikati ya maelfu ya ekari.

Ni kundi hili la tatu lililokaribia kutoweka. Kodi ya mirathi iliyoanzishwa mwaka 1894 ilizidi kupanda, vita viwili vya dunia viliua warithi, na watumishi wakapata kazi nyingine. Katika karne ya 20, zaidi ya majumba 1,000 yalibomolewa. Duke wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth, alipofariki mwaka 1950, kodi ilidai asilimia 80 ya mali. Familia ilitoa kazi za sanaa na hata jumba lake jingine, Hardwick Hall, ili kulipa.

Wengine waligeukia wageni. Mwaka 1949 Marquess wa Bath alifungua Longleat kwa kiingilio, akiendesha jumba lake kama biashara. Mwaka 1966 akaongeza simba, na watu wakawa wanapita kati yao wakiwa ndani ya magari. Majumba mengine yako mikononi mwa National Trust, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1895.

Watu wengi huvutwa kwanza na dhahabu, picha za kuchora na vitanda vyenye mapazia ya hariri. Lakini anayeshuka jikoni hujifunza mengi zaidi. Jiko la Hampton Court, kasri la Henry wa Nane, lilijengwa kulisha watu wapatao 600 mara mbili kwa siku. Ukitazama meko yake makubwa, unaelewa ni jasho la watu wangapi lililohitajika ili meza moja ya mfalme iandaliwe.

Na jasho hilo halikuwa la Uingereza peke yake. Harewood House, karibu na Leeds, ilijengwa katika karne ya 18 na Edwin Lascelles, ambaye familia yake ilitajirika kwa mashamba ya miwa ya Karibi na biashara ya watumwa. Utajiri wa familia iliyojenga jumba la Penrhyn huko Wales ulitokana kwa sehemu na sukari ya Jamaika. Mwaka 2020 National Trust ilichapisha ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na utumwa au ukoloni. Baadhi ya Waingereza walikasirika, wakiona kwamba historia yao inachafuliwa. Lakini mgeni aliyelipa kiingilio ana haki ya kujua fedha za kujengea kuta hizo zilitoka wapi, na Mwafrika ana sababu ya ziada ya kuuliza.

Anayepanga safari aangalie kalenda kwanza. Majumba mengi hufungwa au hupunguza siku majira ya baridi, na Kanisa la Mtakatifu George pale Windsor halipokei watalii Jumapili, kwani ni siku ya ibada. Atakayezuru majumba kadhaa ya National Trust anaweza kupata nafuu kwa kuwa mwanachama. Ndani ya vyumba vingi husimama watu wa kujitolea, mara nyingi wastaafu wanaolijua jumba kona kwa kona. Aulizwe mmoja wao watumishi walilala wapi, na mara nyingi ataonyesha mlango ambao wageni wengi huupita bila kuuona.