Ufunguo Mmoja kwa Watu Wengi: Waifai ya Kampasi na Minervali ya Watoto Wetu

Juma lililopita, kwenye mkutano wa muso yetu, mama mmoja alifika amechelewa na hana mchango. Pesa yote alikuwa ameituma asubuhi ile kwa simu. Mesaji ilitoka kwenye WhatsApp ya binti yake aliye chuo kikuu: leo ni siku ya mwisho ya minervali, mama, tuma kwa namba hii. Picha ilikuwa ya binti, na maneno yalifanana na yake. Kumbe binti alikuwa darasani, na WhatsApp yake imekwisha kuchukuliwa na mwizi.

Tulimpigia binti simu, akatueleza. Usiku uliotangulia alitafuta waifai ya kampasi ili asinunue mega. Jina la kampasi lilionekana mara mbili, naye akachagua lile lenye nguvu zaidi. Ukurasa ukafunguka, ukamwomba namba ya simu, kisha kode iliyofika kwa mesaji. Akaiandika. Kode ile haikuwa ya waifai hata kidogo. Ilikuwa ya kufungua WhatsApp yake ndani ya simu ya mwizi.

Wengi wetu tuna mtoto au mdogo aliye kampasi. Kwa hiyo tumeona vema tueleze jambo hili polepole.

Waifai haipiti katika waya. Inapita hewani, inavuka ukuta, na yeyote aliye karibu anaweza kuinasa, kama vile anayeongea kwa sauti sokoni anavyosikiwa na wapita njia. Ndiyo maana maneno yake hufungwa kwa kufuli. Kufuli la kwanza, WEP, lilitoka mwaka 1997, na kufikia 2001 wataalamu walikwisha kuonyesha kwamba linavunjika. Likafuata WPA mwaka 2003, kisha WPA2 mwaka 2004. Mwezi wa Oktoba 2017, mtafiti Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha Leuven, kule Ubelgiji, alionyesha kwamba hata WPA2 ina ufa, ikabidi simu na mitambo irekebishwe. Leuven ndio mji uliotoa jina la Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Mwaka 2018 likatangazwa WPA3. Kufuli huzeeka, wamama, na chuo kisichobadilisha kufuli kinawaacha watoto mlangoni.

Lakini kufuli jipya peke yake halitoshi. Kampasi nyingi hutumia neno moja la siri kwa wanafunzi wote, tena limebandikwa ukutani. Ni sawa na kugawa ufunguo wa parsela kwa kartie nzima. Benki na WhatsApp zina kufuli zao wenyewe, kwa hiyo aliye na neno lile hasomi mesaji za mtoto wako. Ila anaweza kuona mambo mengine yasiyofungwa, na anaweza kutengeneza waifai ya uongo yenye jina lile lile na neno lile lile. Tena mwanafunzi akimaliza masomo au akifukuzwa, ufunguo anabaki nao.

Njia iliyo bora ni kila mwanafunzi kupewa jina lake na neno lake la siri. Simu ikiibiwa, ufunguo mmoja tu unafungwa, na wengine wanaendelea kusoma. Mtandao wa eduroam, ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, unafanya kazi hivyo katika nchi zaidi ya 100. Mwanafunzi akitembelea chuo kingine kilicho ndani yake, anaingia kwa jina lake la nyumbani. Hapo pia simu inaweza kukagua cheti cha chuo kabla ya kutoa neno la siri, na kwa njia hiyo inatambua waifai ya uongo. Lakini mtoto akibonyeza "kubali" bila kuangalia, kazi yote imeharibika.

Basi, wenye nafasi katika komite ya wazazi, tuulize chuo maswali haya: Je, kila mwanafunzi ana ufunguo wake? Mitambo inakubali WPA3, au angalau imerekebishwa? Nani anafundisha wanafunzi wapya namna ya kuingia? Mtoto akidanganywa, aende ofisi gani? Pesa ya mitambo ikitoka kwenye minervali yetu, tuna haki ya kujua.

Na nyumbani tufanye haya:

Mesaji ya kuomba pesa ikifika, piga simu kwanza, usikie sauti. Asipopokea, ngoja.

Wekeni neno la familia ambalo mgeni hawezi kulijua.

Minervali ilipwe kwenye konti ya chuo, si kwa namba iliyotumwa kwa haraka.

Kode iliyofika kwa mesaji asipewe mtu wala ukurasa wa waifai. Waifai ya kampasi haina haja na kode ya WhatsApp.

Ndani ya WhatsApp, weka ile namba ya siri ya pili. Mwizi akipata kode, bado atakwama.

Binti yule aliandikisha namba yake upya, na WhatsApp yake ikarudi. Pesa haijarudi. Tulifungua kasha jekundu, tukamsaidia mama yake ili mtoto asifukuzwe kwenye mitihani. Hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja wetu alijua kwamba na yeye angetuma.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, mpigie mtoto wako. Mwulize anaingiaje kwenye waifai ya kampasi, kisha chagueni pamoja neno lenu la familia.